Juu Ufipa, gari linataka petroli gani?

Kwenye sheli za Sumbawanga mhudumu anauliza maswali mawili: petroli au dizeli, na ya shilingi ngapi. Namba ya oktani haimo kwenye mazungumzo, na kwenye pampu nyingi haimo hata kwenye maandishi. Lakini ukikaa kwenye gereji za mji huu, swali la oktani hulikosi. Mwenye Subaru anataka kujua kama petroli ya hapa inamtosha. Kijana wa bodaboda amesikia kwamba sehemu za juu petroli hafifu ndiyo nzuri. Mwenye ndugu Marekani ametumiwa picha ya pampu yenye namba 85, 87 na 91, na ujumbe kwamba huko milimani watu wanatia ile 85 na magari yanakwenda bila shida.

Swali hilo ni la haki kabisa, na kwa mkoa kama Rukwa ni la fedha na la usalama. Mji wa Sumbawanga umekaa kati ya mita 1,700 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Mbizi, iliyo jirani na mji, vilele vyake hupita mita 2,400. Upande wa mashariki nyanda ya Ufipa inakatika ghafla kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa na kuangukia Bonde la Rukwa, ambako ziwa liko kwenye mita 800 hivi. Upande wa magharibi ardhi inashuka hadi Kasanga, Kipili na Kirando, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mita 770 na ushei. Kwa hiyo gari linaloondoka Sumbawanga asubuhi kwenda kuchukua mpunga Muze au samaki Kasanga linashuka karibu kilomita nzima, kisha linarudi kuipanda likiwa na mzigo. Ni safari chache za Tanzania zinazoipima injini namna hii ndani ya siku moja.

Tuanze na hewa, kwa sababu huko ndiko mambo yote yanakotokea. Hewa ya Sumbawanga ina oksijeni kwa uwiano uleule wa Dar es Salaam, asilimia 21 hivi. Kilichopungua ni uzito wake. Mgandamizo wa hewa kwenye mita 1,800 ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Ndiyo maana maji jikoni yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, na maharage yanakawia kuiva. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe: pistoni ikishuka, hewa inaingia kwa msukumo wa anga peke yake. Anga ikiwa nyepesi, silinda inajaa pungufu. Kanuni ambayo wahandisi wa magari wameitumia kwa miaka mingi ni kwamba injini ya namna hiyo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Toyota IST ya lita 1.3 iliyokuwa ikikimbia vizuri Tanga, ikifika Sumbawanga inavuta kana kwamba ina lita 1.1. Mwenye gari anadhani injini imechoka au petroli ya hapa ni mbovu. Mara nyingi si injini wala petroli. Ni mahali.

Hapo ndipo wengi wanapoanza kutafuta petroli kali zaidi, wakiamini oktani kubwa inarudisha nguvu. Hairudishi. Oktani haipimi nguvu iliyomo kwenye petroli. Inapima uvumilivu wa petroli hiyo inapobanwa na kupata joto bila kulipuka yenyewe kabla ya wakati wake.

Ndani ya silinda, plagi inatoa cheche na moto unaanza kusambaa kwa mpangilio kutoka hapo. Wakati unasambaa, mchanganyiko wa hewa na petroli uliobaki pembeni unabanwa na kuchemshwa na moto unaokuja. Petroli yenye uvumilivu inasubiri moto uifikie. Isiyo na uvumilivu inalipuka peke yake, papo kwa papo, na mlipuko huo unaigonga pistoni wakati bado haijawa tayari kushuka. Dereva anasikia sauti kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, hasa anapokanyaga mafuta akiwa kwenye gia kubwa na mwendo mdogo mlimani. Kugonga kwa muda mfupi hakuui injini. Kugonga kwa saa nzima, na mzigo, na joto, kunatoboa pistoni na kuunguza gasketi ya silinda hedi.

Kipimo cha oktani kilipatikana Marekani mwaka 1926, pale Graham Edgar alipochagua vimiminika viwili vya kulinganishia: aisooktani, isiyogonga kirahisi, ikapewa 100, na heptani, inayogonga kwa urahisi kabisa, ikapewa sifuri. Petroli ya 91 ni ile inayostahimili sawa na mchanganyiko wa sehemu 91 za ya kwanza na 9 za ya pili, ikijaribiwa kwenye injini maalumu ya maabara. Miaka mitano kabla ya hapo, Thomas Midgley wa General Motors alikuwa amegundua kwamba kiasi kidogo cha madini ya risasi kikitiwa kwenye petroli kinazuia kugonga. Ugunduzi huo uliuza magari mengi na ukatia sumu damu ya watoto duniani kote kwa karne karibu nzima. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli yenye risasi, na mwanzoni mwa 2006 kanda yetu ilikuwa imeachana nayo. Ya mwisho duniani kuiondoa sokoni ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Nalitaja hili kwa sababu bado wapo madereva wakongwe wanaoisifu petroli ya zamani kwamba ilikuwa kali. Ilikuwa na sumu, na hatuihitaji.

Sasa tuunganishe hewa na oktani. Kama silinda inajaa pungufu kwenye mwinuko, basi hata mbano unapofika kileleni unakuwa mdogo, joto nalo linapungua, na petroli inapata nafasi ya kuvumilia. Kwa hiyo ni kweli, na ni kweli kisayansi, kwamba injini ileile inadai oktani ndogo ikiwa juu kuliko ikiwa pwani. Anayeeneza habari hiyo Sumbawanga hadanganyi. Tatizo liko kwenye hatua inayofuata, pale anapohitimisha kwamba tutie petroli hafifu.

Ile pampu ya Marekani yenye namba 85 ipo. Ipo Colorado, Utah, Wyoming na majimbo mengine ya Milima ya Rocky. Denver, mji mkuu wa Colorado, uko kwenye mita 1,600 hivi, chini ya Sumbawanga. Desturi ya kuuza 85 huko ilizaliwa enzi za kabureta, wakati karibu kila gari lilikuwa linavuta hewa kwa pumzi yake na taimingi ilikuwa imefungwa kwa spana. Kwa magari hayo, hitaji la oktani lilishuka kwa namba moja au zaidi kidogo kwa kila mita 300 za kupanda. Magari yakabadilika, desturi ikabaki. Leo vitabu vya magari mengi yanayouzwa huko vinasema wazi: 87 kwenda juu, popote ulipo. Tena namba za Wamarekani si namba zetu. Wao wanachukua vipimo viwili vya maabara, kile cha kawaida na kingine kikali zaidi, wanatafuta wastani. Huku kwetu, kama Ulaya na Japani, tunatumia kile cha kwanza peke yake, ambacho hutoa namba kubwa zaidi. Hivyo 87 ya Marekani ni kama 91 au 92 ya huku, na 85 yao ni kama 90 yetu. Mtu akiiga ushauri wa Denver namba kwa namba, anakosea kabla hajafika kwenye sheli.

Hata kabla ya kufika kwenye ushauri, jiulize utaipata wapi hiyo petroli hafifu. Zamani palikuwa na supa na regula, na dereva alichagua. Sasa hivi petroli ya nchi nzima inaagizwa kupitia Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja, PBPA, inashushwa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, na ya kwetu mara nyingi inasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa lori kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo ya petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila wilaya, na Sumbawanga, Kalambo na Nkasi huwa ghali kuliko Dar es Salaam kwa sababu ya umbali huo. Petroli ni moja. Inayomiminwa kwenye tenki Kariakoo ndiyo inayomiminwa Namanyere. Kampuni nyingine zinatia viungo vyake vya kusafisha nozeli na vali, na viungo hivyo vina faida zake, ila kusafisha ni jambo jingine na oktani ni jambo jingine.

Je, hiyo moja inatosha? Kwa magari mengi ya Rukwa, inatosha na kubaki. IST, Vitz, Passo, Premio, Noah na wenzao yalitengenezwa kwa ajili ya petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chake cha chini kisheria ni 89. Petroli isiyo na risasi inayouzwa katika masoko mengi makubwa ya dunia huanzia 91 au 92 na kupanda. Kwa hiyo mwenye IST aliye Sumbawanga anatia petroli iliyozidi mahitaji ya gari lake, akiwa mahali ambapo mahitaji hayo yamepungua zaidi. Hana sababu ya kununua chupa za kuongeza oktani zinazopangwa kwenye rafu za maduka ya spea. Fedha hiyo anunue plagi nzuri na chujio la hewa.

Wa kujihadhari ni mwenye turbo. Fungua kifuniko cha tenki la Subaru Forester ya turbo iliyotoka Japani, tazama upande wa ndani. Utakuta kibandiko chenye maandishi ya Kijapani kinachoamuru petroli ya daraja la juu, ambayo kule kwao ni 96 kwenda juu. Watu wengi wanakipita kibandiko hicho kwa miaka bila kujua kinasema nini. Na hapa ndipo hoja ya mwinuko inapogeuka. Turbo ni feni inayosukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu, na kompyuta ya gari inaiamuru isukume hadi mgandamizo uliowekwa kiwandani ufikiwe. Ikiwa hewa ya nje ni nyepesi, turbo inazunguka kwa kasi zaidi kuziba pengo, na hewa inayoingia inakuwa ya moto zaidi. Nafuu ya Ufipa aliyoipata mwenye IST, mwenye turbo haipati.

Marubani waliligundua hili kabla ya madereva. Ndege za kivita zilipoanza kupanda juu sana, injini zake zilifungiwa mashine za kusukuma hewa ili zisikose pumzi, na mashine hizo zikadai petroli yenye uvumilivu mkubwa. Mwaka 1940 Spitfire na Hurricane za Uingereza zilikuwa zinatumia petroli ya oktani 100. Zilikuwa juu kuliko mlima wowote wa Afrika, na zilihitaji oktani kubwa, si ndogo.

Basi mwenye turbo afanyeje Sumbawanga, ambako pampu ni ileile kwa wote? Magari haya yana sensa inayosikiliza kugonga. Ikisikia, kompyuta inachelewesha cheche na injini inajinusuru kwa kupoteza nguvu kidogo na kula mafuta zaidi. Kinga hiyo ina mipaka. Mwenye gari hilo asilipakie kupita kiasi, asikanyage mafuta hadi chini kwenye milima mirefu wakati wa joto, na kabla ya yote asinunue petroli ya kidumu njiani. Kwa maoni yangu, anayeishi Laela au Mtowisa na anataka gari la kazi asinunue turbo ya petroli. Atafute injini ya kawaida, avumilie upole wake mlimani.

Nimeitaja petroli ya kidumu, na hapo ndipo penye hatari halisi ya oktani katika mkoa huu.

Kutoka Muze kwenda Ilemba na vijiji vya ndani ya bonde, na kwenye mialo mingi ya Tanganyika, petroli inauzwa kwenye chupa za maji za lita moja na nusu na madumu ya njano kando ya barabara. Wauzaji wake ni watu wanaotafuta riziki, na bila wao bodaboda nyingi zingelala. Siwalaumu. Lakini petroli iliyokaa wiki kadhaa kwenye chupa angavu, juani, imepoteza ile sehemu yake nyepesi inayowaka upesi, na asubuhi za Juni na Julai, Sumbawanga ikiwa na baridi yake inayouma masikio, pikipiki iliyotiwa petroli hiyo inapigwa kiki mpaka mguu unachoka. Masika nayo huleta maji ndani ya dumu lisilofungwa vizuri. Na likitokea la kuchanganya na mafuta ya taa, kwa makusudi au kwa kutumia dumu ambalo halikusafishwa, oktani inaporomoka. Mafuta ya taa hayana uvumilivu hata kidogo. Kiasi kidogo tu kinatosha kuifanya injini igonge, na mwinuko wote wa Ufipa hauwezi kuiokoa.

Taifa limewahi kupigana na jambo hili kwa nguvu. Zama ambazo mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, kuyachanganya kwenye petroli na dizeli lilikuwa biashara. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ya soko la ndani ili uchakachuaji ugundulike, kazi ambayo baadaye ilihamia TBS, shirika la viwango. Katika bajeti ya 2011/12 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Hatua hizo zilisaidia sana kwenye vituo rasmi. Kwenye chupa ya kando ya barabara, kinasaba hakimlindi mtu.

Kuna jaribio dogo ambalo dereva anaweza kulifanya, mbali na moto na sigara. Dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe, uliache dakika chache. Petroli safi inakauka na kupotea. Iliyotiwa mafuta ya taa inaacha doa la mafuta lisilokauka, na ukiligusa vidole vinateleza. Jaribio hili halikuambii namba ya oktani, lakini linakuambia kama uirudishe chupa.

Sasa turudi kwa bodaboda, kwa sababu ndio wengi na ndio wanaoumia kimyakimya. Gari la kisasa lina sensa inayopima hewa inayoingia, na kompyuta inapunguza petroli yenyewe gari linapopanda. Pikipiki nyingi za Rukwa bado zinatumia kabureta, na kabureta haina akili hiyo. Ina tundu la shaba, jeti, linalopitisha petroli kwa kipimo kilichowekwa kiwandani, mahali pa chini kuliko hapa. Hewa ikipungua Sumbawanga, petroli haipungui kwa kiasi kilekile, na mchanganyiko unazidi petroli kwa karibu moja ya kumi. Fundi akifungua plagi anaikuta nyeusi, imejaa masizi makavu yanayofutika kwa kidole, badala ya ile rangi ya hudhurungi ya plagi inayochoma sawasawa. Pikipiki inakuwa nzito, inanuka petroli, inakula mafuta, na petroli inayobaki bila kuungua inaosha oili kwenye kuta za silinda. Mwenye pikipiki anasema petroli ya Sumbawanga ni mbaya. Petroli iko sawa. Imezidi tu.

Dawa yake mafundi wa hapa wanaijua. Ndani ya kabureta kuna sindano nyembamba inayopanda na kushuka na kebo ya mafuta. Juu yake ina mikato midogo, kwa kawaida mitano, na kijipini kinachokaa kwenye mmojawapo. Kijipini kikihamishwa mkato mmoja kwenda juu, sindano inakaa chini zaidi na petroli inapungua. Isipotosha, jeti inabadilishwa kwa iliyo ndogo kwa namba moja au mbili, na skrubu ya hewa inarekebishwa injini ikiwa na moto. Kazi ya nusu saa. Pikipiki inarudi kuwa nyepesi na plagi inabadilika rangi.

Lakini hapo ndipo ninapoomba vijana wanisikilize. Pikipiki iliyobanwa petroli kwa ajili ya hewa ya Sumbawanga, ikishuka Bonde la Rukwa inakutana na hewa nzito zaidi na joto kali. Sasa petroli haitoshi. Mchanganyiko mkavu unaungua kwa joto kubwa, na silinda inajaa vizuri kuliko ilivyokuwa juu, kwa hiyo mbano umeongezeka. Kule bondeni kijana anapakia gunia la mpunga, na abiria juu yake, halafu anaanza kuupanda ukingo kwa gia ya tatu ili aokoe mafuta. Joto, mzigo, mchanganyiko mkavu, mwendo mdogo kwenye gia kubwa, na pengine petroli ya chupa aliyoinunua huko huko Muze. Kila kinachosababisha kugonga kimekutana mahali pamoja. Injini inagonga, upepo na kelele za barabara vinaificha sauti, na juma moja baadaye pistoni imetoboka. Fundi anabadilisha pistoni na ringi, na chanzo kinabaki palepale.

Kwa hiyo anayezunguka mjini Sumbawanga tu, apunguze petroli na afaidi. Anayeshuka na kupanda kila wiki aiache kabureta karibu na kipimo cha kiwandani, avumilie plagi kuwa na weusi kidogo akiwa juu, aisafishe mara kwa mara. Weusi huo ni gharama ndogo kuliko pistoni. Na mlimani ashushe gia mapema, aiache injini izunguke, asiikabe.

Taimingi nayo ina hadithi hiyohiyo. Kwenye magari ya zamani yenye distibuta, fundi anaweza kuisogeza cheche mbele kidogo ili gari lichangamke kwenye mwinuko. Linachangamka kweli. Likishuka Kasanga na kurudi na mzigo, linagonga. Mwenye Hilux ya zamani ya petroli amwambie fundi wake, kabla spana haijashikwa, kwamba gari hili linakwenda ziwani.

Kuhusu dizeli nitasema machache. Dizeli haina habari ya oktani. Yenyewe inatakiwa iwake haraka inapobanwa, kinyume kabisa cha petroli, na ina kipimo chake. Kinachoonekana Ufipa ni moshi. Fuso isiyo na turbo inayopanda na mahindi kwenda kwenye maghala ya NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, inatoa moshi mweusi kwa sababu pampu inapeleka dizeli ya pwani kwenye hewa ya mlimani. Land Cruiser za serikali na mashirika zenye injini ya 1HZ, lita 4.2 bila turbo, nyingine zilifungiwa kiwandani kifaa cha kupunguza dizeli gari linapopanda. Kifaa hicho kikiharibika, mafundi wengi hukiacha hivyo hivyo, kisha lawama inakwenda kwenye nozeli. Malori makubwa ya turbo hayasumbuki sana. Ndiyo yale utakayoyaona barabara ya Tunduma yakipanda bila wingu nyuma yake.

Baada ya yote hayo, jibu kwa anayeuliza petroli gani itiwe juu Ufipa ni hili: tia ile inayotajwa na kitabu au kibandiko cha gari lako, usipande juu yake kwa kutafuta nguvu, na usishuke chini yake kwa kutegemea mwinuko, kwa maana barabara ya Rukwa itakushusha kabla ya jioni. Nunua kwenye kituo chenye leseni, chukua risiti, na uitunze mpaka tenki liishe, kwa sababu ukipata tatizo ndiyo ushahidi wako mbele ya EWURA, ambayo ina ofisi ya kanda Mbeya. Kama huna budi kununua ya chupa, nunua kwa muuzaji anayeuza haraka, asiyeweka chupa zake juani.

Yapo mawili yanayowahusu wenye mamlaka. Mwenye Subaru aliyesomewa kibandiko chake amejua gari linataka 96, lakini akifika sheli hana pa kulinganisha. Pampu imeandikwa bei hadi shilingi ya mwisho, haijaandikwa oktani. Namba hiyo inajulikana, inapimwa mzigo unapopokewa bandarini, na kibandiko cha kuiweka machoni pa mteja hakigharimu kitu. EWURA na TBS waiamuru iandikwe kwenye kila pampu nchini. La pili ni bonde. EWURA imekwisha kulegeza masharti ya kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini, na halmashauri za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo zina vijana wa kutosha wanaouza petroli kwenye chupa ambao wangeweza kuviendesha wakiunganishwa kwenye ushirika na kupewa mkopo. Kituo kimoja chenye tenki safi pale Mtowisa kingeokoa pistoni nyingi, na nyumba nyingi ambazo leo zinalala na madumu ya petroli uvunguni.